Ukuta wa Fundi Ngidi

Bhekokwakhe Ngidi aliwajengea watu kuta kwenye vilima vya Inanda kwa miaka thelathini na miwili. Haukuanguka hata mmoja, ila wa kwake.

Nyumba yake ilikaa juu ya mteremko mkali. Chini yake alikaa MaShandu, mjane, mpishi wa shule. MaShandu alipoanza kuviringisha matairi makuukuu kutoka kwa fundi pancha na kuyapanga ili kuzuia udongo wa ua wake, Ngidi aliegemea uzio akacheka.

"Mama, unafungua gereji?"

"Nafungua macho, baba," akajibu bila kuinua kichwa.

"Takataka hizo! Ngoja uone ukuta wa fundi."

Akajenga upande wake ukuta wa matofali ya saruji uliompita kimo, akaupiga lipu safi. Alijua fika kwamba ukuta wa namna ile huachiwa matundu ya kutolea maji na kujaziwa kokoto nyuma. Vibarua wangapi amewagombeza kwa hilo! Lakini matundu yangeharibu sura ya lipu, kokoto zingechelewesha kazi, na MaShandu alikuwa anatazama.

Mwezi wa nne mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya tatu ukuta ukalia kama gunia linalopasuka, ukalala wote kwenye ua wa MaShandu. Banda la kuku likasagika, na choo cha nje, ambamo mama yule alikuwa ametoka muda huo huo, kikafukiwa.

Majirani wakajaa. "Imekuwaje, fundi?" mzee Mkhwanazi akauliza.

Ngidi akasikia mdomo wake unasema, "Bomba la barabarani limepasuka. Maji yote yameingia nyuma ya ukuta."

Watu wakampa pole. MaShandu, kuku mfu mkononi, aliinama akachunguza kifusi: matofali na tope, bila kokoto hata moja. Akainua macho akamtazama Ngidi. Ngidi akahisi uso unamwaka moto.

Kwa wiki mbili alipita njia ya nyuma asikutane naye. Pole za watu zilimchoma kuliko matusi. Kisha Jumapili moja, kwenye mkutano wa chama cha kuzikana, Mkhwanazi akatoa barua.

"Tunawashtaki hawa wa maji. MaShandu, wewe ndiye uliyeumia. Anza kusaini."

MaShandu akashika kalamu. "Nitasaini baba Ngidi akiniambia nisaini."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Mkewe alikuwa pembeni, anatabasamu, anamwamini. Ngidi akasimama.

"Usisaini, mama. Hakuna bomba. Sikuacha matundu. Nilijua, na sikuacha."

Mtu nyuma akapasuka kicheko, na mkewe akainamisha kichwa akabaki kutazama viatu vyake.

"Basi kesho uje na sururu," MaShandu akasema.

Akaja. Wakachimba mtaro pale ukuta ulipoanguka, wakalaza safu ya kwanza ya matairi ndani yake, kokoto nyuma. Kila tairi walilijaza udongo na vifusi vya ule ukuta, wakashindilia mpaka likawa gumu. Kila safu ilirudi nyuma kidogo kuelekea kilima.

"Toa hilo," MaShandu akamwambia. "Umeshindilia kama mtu anayewahi basi."

Akatoa, mbele ya wapita njia, akarudia. Kwenye matundu ya matairi wakapanda vetiva, nyasi zenye mizizi inayozama ndani kumpita mtu, walizozigawa kutoka mashina ya MaShandu mwenyewe. Mchana mama alimletea uphuthu, ugali mkavu wa chenga, na maziwa mgando. Ngidi alikula akiwa amempa mgongo. Banda la kuku na choo alivijenga upya bila kuambiwa.

Mvua mbili kubwa zimeshapita na mteremko haujasogea. Watu husimama wakazitazama zile ngazi za kijani, wakamsifu fundi. Yeye huwaambia ni kazi ya MaShandu, kisha huingia ndani haraka, kabla hawajamuuliza la pili.