Taya Langu la Kushoto

Nilikuwa bado sijaanza shule ndama aliponipiga teke kidevuni. Tuliishi nyuma ya soko la Kebirigo, na hospitali ilikuwa mbali. Nyanya alinikanda kwa maji ya moto, uvimbe ukashuka, watu wakasema mtoto amepona. Hakuna aliyejua kwamba mfupa ulikuwa umevunjika karibu na sikio, pale taya linapoungana na kichwa.

Nilivyoendelea kukua, upande wa kulia wa uso ulirefuka, wa kushoto ukabaki nyuma. Nikifungua kinywa, kidevu kilihepa kushoto, na kinywa chenyewe kilipitisha kidole kimoja tu. Mahindi ya kuchoma niliyapukuchua nikala punje moja moja. Nilipoitwa kusoma darasani, wenzangu walipinda midomo kuniiga, hata nikawa najifanya sijui kusoma.

Nikiwa darasa la saba nilimwambia mama nataka kuwa mwalimu. Hakucheka. Alinipeleka Kisii mjini kwa daktari.

Daktari aliweka vidole mbele ya masikio yangu. "Fungua. Funga." Kisha akaishika mikono yangu akaiweka palepale. "Unasikia nini?"

"Huku kunasogea mbele," nikasema. "Huku kunatikisika tu."

"Basi umeujua ugonjwa wako. Kiungo cha kulia kinateleza, cha kushoto kimekwama. Ndiyo maana kidevu kinakimbilia kushoto."

"Kitanyooka?"

"Mfupa umeshakua mfupi, sitakudanganya. Lakini kiungo hakijafungana kabisa. Ukikizoeza kila siku, kitatembea."

Alinionyesha jinsi ya kupanga vijiti vyembamba kati ya meno ya juu na ya chini, nikiongeza kimoja kimoja ili kinywa kipanuke, na kukiongoza kidevu kwa mkono mbele ya kioo.

Baba alinichongea vijiti. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma majani chai, nilisimama mbele ya kioo. Maumivu yalipanda hadi sikioni, machozi yakanitoka. Hata siku ya Sabato sikuacha.

"Pumzika, mwanangu," mama alisema. "Mungu anakupenda hivyo hivyo."

"Najua, mama. Lakini hatanisomea darasani."

Mvua zikaja, zikapita. Kidole cha pili kikaingia kinywani. Nilipoingiza cha tatu, nilimwita mama shambani aje aone, naye akapiga vigelegele kati ya migomba.

Miaka ilipopita niliitwa kwenye usaili wa chuo cha ualimu. Mzee mmoja kati ya wasaili alinitazama kidevu badala ya macho.

"Binti, watoto hawatakucheka?"

"Watacheka wiki ya kwanza," nikajibu. "Baadaye nitawapa kazi nyingi."

Akanipa kitabu nisome kwa sauti. Nilisoma ukurasa mzima bila kumeza neno.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Marani. Uso ulibaki umepinda, na msimu wa baridi taya liliniuma. Lakini darasa lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na waliokaa nyuma kabisa hawakuwahi kusema hawanisikii.