Maji Yaliyoua Samaki Wangu, Mwanangu Anataka Niyanywe

Naomba jina langu lifichwe, lakini maneno yangu msiyafupishe.

Mimi ni mzee niliyevuka miaka themanini, mwalimu mstaafu, mkaazi wa upande wa Silibwet. Jumapili ijayo mwanangu wa kwanza atafungua kisima alichokichimba katika shamba letu. Mchungaji ataomba, kisha mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa wa boma, nitapewa kikombe cha kwanza mbele ya watu wote. Nikishakunywa, wajukuu wangu watakunywa, na majirani baada yao. Sina amani tangu nilipoona mahali kisima hicho kilipochimbwa.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nikimfundisha Kiswahili Mzungu mmoja aliyesimamia shamba la majani chai karibu na Kericho. Alipenda kufuga samaki wa mapambo, na aliporudi kwao aliniachia matangi mawili ya vioo. Katika tangi la kwanza waliishi samaki wa upinde wa mvua, wembamba, ambao mbavu zao ziligeuka kutoka kijani hadi nyekundu jua lilipopenya dirishani. Katika la pili waliishi wale aliowaita gajoni, wenye vichwa vinene na madoa ya zambarau, ambao hupenda kujilaza chini ya mawe.

Baba yangu alisimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Mwalimu, umeleta nyoka nyumbani?"

"Ni samaki, Baba."

"Ni nyoka waliokatwa mikia. Usiniletee chai iliyochemshwa karibu nao."

Hakuwa akitania. Kwa Wakipsigis wa rika lake, samaki hakuwa chakula; alikuwa jamaa wa nyoka. Mama yeye alicheka, akanipa uzi wa sufu uliobaki alipomaliza kufuma sweta. Niliufunga kwenye kizibo ukaning'inia majini kama mizizi, na samaki wa upinde wa mvua wakataga mayai humo. Ilinibidi kuuhamishia uzi huo kwenye karai, maana samaki hao hula watoto wao bila haya. Gajoni ni kinyume. Dume hulinda mayai chini ya kigae, akiyapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe, wala hajali kula. Mama alimtazama dume huyo akasema kwa sauti, ili Baba asikie nje, "Kumbe wako wanaume wanaokaa nyumbani!"

Kwa kawaida nilitumia maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati. Kiangazi kimoja pipa lilikauka, nami nikateka maji katika chemchemi iliyokuwa chini ya josho la ng'ombe, ambayo boma zima lilikunywa maji yake. Nilibadilisha maji ya matangi asubuhi. Kabla ya adhuhuri samaki wa upinde wa mvua walikuwa wakielea, rangi zimewatoka. Dume la gajoni lilikuwa limelala ubavu, bado likiyapepea mayai yake, polepole, mpaka mapezi yakasimama.

Nilimwambia Baba kwamba dawa ya kupe imeingia katika chemchemi. Matope ya josho yalikuwa yakimwagwa hatua chache juu yake, na ng'ombe waliyalamba kwa hamu, maana dawa hiyo ina ladha ya chumvi. Hapo ndipo watu wetu walipokosea. Ng'ombe hufuata udongo wenye chumvi, na tangu zamani tuliwapeleka mbali ili waulambe. Basi udongo wowote walioulamba tuliuhesabu kuwa baraka.

"Ng'ombe hadanganyiki," Baba alisema mbele ya wenzake. "Nyoka wako wamekufa kwa sababu Mungu hakuwaumba wakae kwenye vioo."

Wazee walicheka. Mitamba wetu walikufa, ikasemwa ni homa. Nilianza kumletea Mama maji ya mtoni. Baba akayamwaga, akisema sitamfundisha mkewe kudharau chemchemi ya boma. Miaka ilipita. Viganja vya Mama vikawa vigumu, vikatoka madoa kama matone ya mvua juu ya vumbi. Akakonda. Alipolala kitandani asiinuke tena, wazee walikuja wakayatazama matangi yangu, ambamo nilikuwa nimekuza kizazi kingine kutokana na mayai ya kwenye karai. Walisema nimekaribisha nyoka penye moto wa mama yangu. Waliyatoa nje wakayavunja kwa mawe. Mama alisikia vioo vikivunjika, naye hakuwa na nguvu ya kunitetea.

Baadaye josho lilifukiwa, chemchemi ikakauka, nyasi zikaota. Kisima cha mwanangu kiko papo hapo. Nilipomuuliza kwa nini amechagua mahali hapo, alinijibu, "Baba, hujaona ng'ombe wanavyopalamba pale? Ile ardhi ni nzuri."

Nilimsikia baba yangu katika kinywa chake. Nilimweleza yote niliyowaeleza ninyi, nikamwomba maji yapelekwe yakapimwe kwanza.

"Yatapimwa baadaye, Baba. Wageni wamealikwa. Nitawaambia nini, kwamba mzee anaombolezea samaki?"

Kwetu, mzee akikataa kinywaji anachopewa na mwanawe mbele ya watu, amemlaani. Mwanangu analijua hilo, na mchungaji analijua. Lakini kuna desturi nyingine pia. Jana mjukuu wangu mdogo wa kike alikuja akaniegemea magotini.

"Kugo," akaniita, maana ndivyo tunavyomwita babu, "usimalize kikombe chako Jumapili. Sisi watoto ndio tunaomalizia."

Nikinywa, nitamkabidhi masalio kwa mkono wangu mwenyewe. Nikimwaga, nitakuwa nimemlaani baba yake. Ninyi mnaosoma, wenye wazazi na wenye watoto, nishaurini kabla ya Jumapili: kikombe hicho nikifanyie nini?