Kura ya Mingo Tolliver

Mwaka 1876, kusini mwa Marekani, mwanamume mweusi alikuwa na haki ya kupiga kura na mkewe hakuwa nayo. Ndiyo maana Sabra Tolliver, ambaye hakuna mtu katika Carolina ya Kusini aliyetaka kupiga kura kuliko yeye, ilimbidi aitafute kura hiyo kwa mumewe.

Sabra alikuwa mfuaji nguo, mwembamba, mwenye sauti iliyovuka mashamba mawili. Alizaliwa mtumwa. Mama yake aliuzwa akiwa bado anamnyonyesha mdogo wake, na Sabra hakumwona tena. Vita vilipokuja na jeshi la kaskazini likawakomboa watumwa, aliapa kwamba watu waliomuuza mama yake hawatamtawala tena akiwa hai.

Mumewe, Mingo, alilima pamba katika shamba la Bwana Lathrop kwa kugawana mavuno. Wiki moja kabla ya uchaguzi wa rais, Lathrop alisimamisha farasi mbele ya kibanda chao.

"Mingo, Jumanne utapiga kura?"

"Nafikiri hivyo, bwana."

"Fikiri vizuri. Atakayeshika kikaratasi cha chama cha Lincoln wenu, aliyewafungua, Jumatano asinikanyagie shamba."

Mingo hakula chakula. Alikaa mlangoni akitazama pamba ambayo ilikuwa haijakwisha kuchumwa.

"Nitakaa nyumbani tu," alisema mwishowe. "Siwapigii wao, wala siwapigii wetu."

"Ukikaa nyumbani umewapigia wao," Sabra akamjibu. "Na mimi nitahamia kwa dada yangu. Upike mwenyewe, ulale mwenyewe, uongee na nyumbu."

"Mwanamke, unataka waniue?"

"Nataka tusiuzwe tena!"

"Hakuna anayeuzwa siku hizi, Sabra."

"Bado. Wape serikali, uone."

Jumanne walitoka alfajiri pamoja na majirani. Wanawake hawakuwa na kura, lakini walikwenda nao, wengine na mipini ya majembe, Sabra na shoka la kuni. Mchungaji Enos, aliyejua kusoma, aligawa vikaratasi vya kura, maana siku hizo kila chama kilichapa vyake, na Mingo akakificha chake ndani ya kiatu.

Mbele ya nyumba ya mahakama wanaume weupe wapatao mia, watu wa chama cha akina Lathrop, wote wamevaa mashati mekundu, walikuwa juu ya farasi, bastola viunoni. Waliwasogeza farasi wao hadi njia ikabaki nyembamba kama ya mtu mmoja. Barazani walikaa askari wanane wa serikali kuu, makoti yao ya buluu, waliowekwa kuwalinda wapiga kura weusi. Wanane tu.

"Huyo Mingo wa Lathrop!" mmoja akapaza sauti. "Mingo, mkeo ndiye kakuvalia suruali leo?"

Wenzake wakacheka. Mingo akasimama, jasho likimtiririka. Sabra akadhani atageuka. Mumewe akainama, akavua kiatu mbele ya watu wote, akatoa kikaratasi, akapita katikati ya farasi na mguu mmoja mtupu hadi ndani. Alipotoka alikuwa anahema kama aliyetoka kuzama mtoni.

"Nimeitia," akasema. "Twende zetu."

Jumatano asubuhi Lathrop alileta watu wanne. Walitupa nje kitanda, sufuria na gunia la viazi vitamu. Pamba ya mwaka mzima ilibaki shambani, na hawakupewa hata sehemu yao. Walihamia katika kanisa la Enos, wakalala kati ya viti pamoja na familia nyingine mbili, na majira ya baridi yakawakuta humo wakila uji wa mahindi usio na chumvi.

Hesabu ya kura za jimbo ilipotoka, Enos aliwasomea gazeti. Carolina ya Kusini ilikuwa imemchagua mtu wa chama chao, na tofauti haikufika kura elfu moja. Nchi nzima ilikuwa inabishana juu ya majimbo machache kama hilo.

"Elfu moja haifiki!" Sabra alimshika Mingo mabegani. "Unasikia? Ya kwako imo humo!"

Mingo alicheka kwa mara ya kwanza tangu wafukuzwe. Usiku ule hakuna aliyeulalamikia uji.

Mtu wao alitangazwa rais mwezi Machi. Mwezi Aprili Sabra alikuwa akifua mtoni alipowaona askari wa buluu wakipita na mabegi yao, wakielekea kwenye reli. Alikimbia na mikono yenye povu.

"Jamani, mnakwenda wapi?"

"Tumeamriwa kuondoka, mama," akajibu askari mzee.

"Na nani?"

"Rais."

"Rais yupi?"

Askari alimtazama kwa huruma. "Si yupo mmoja tu, mama. Huyo wenu. Wale wengine walikubali awe rais ili atuondoe huku."

Sabra alikaa chini barabarani. Nguo za watu zilichukuliwa na maji.

Siku tisa baadaye wale wa mashati mekundu walimkuta Mingo akipasua kuni nyuma ya kanisa, mchana kweupe. Walimpiga hadi jicho la kushoto likatoka, na mkono wa kulia ukavunjika mahali pawili. Hakuna aliyeshtakiwa, kwani sherifu mpya, mkuu wa polisi wa pale, alikuwa mmoja wao.

Sabra alimuuguza akimlisha kwa kijiko. Siku moja alishindwa, akaweka bakuli chini.

"Mimi ndiye niliyekupeleka, Mingo. Mimi na mdomo wangu."

"Nilikwenda kwa miguu yangu," akasema. "Hukunibeba."

"Ningenyamaza ungekuwa na jicho."

"Ningekuwa nalo." Sabra akatamani afadhali angemtukana.

Uchaguzi uliofuata ulikuja baada ya miaka miwili. Asubuhi hiyo Mingo aliamka, akaanza kuvaa kwa mkono mmoja, kwani ule wa kulia haukupona. Sabra alisimama mlangoni pa kibanda chao kipya akatandaza mikono.

"Usiende. Nakuomba. Sitahama, sitasema neno, usiende tu."

Mingo akaketi kitandani. Nje walisikia farasi wakipita kuelekea mahakamani, wengi, wakipiga mayowe. Katika kitongoji chao chote, siku hiyo, hakuna mtu mweusi aliyefungua mlango.