Mtani na Gia ya Pili

Kwa miaka tisa niliyokaa Kisarawe, zama zile za Mwingereza, sikumbuki mtu aliyenijibu neno bila kucheka kwanza. Sisemi haya kwa kulalamika. Nilipokelewa vizuri, nililishwa, na hapakuwa na harusi ambayo sikualikwa. Lakini mimi ni Mnyamwezi, na Wazaramo ni watani zetu tangu enzi za mababu. Mtu aliye mtani wa mji mzima hutendewa kila wema isipokuwa mmoja, nao ni kusikilizwa.

Nilifika pwani kama manamba, kukata mkonge katika shamba moja upande wa Kibaha. Kule tulikuwa Wanyamwezi wengi, na kwa kuwa nilikuwa na lugha yangu na watu wangu, sikujua upweke ni kitu gani. Mkataba wa kwanza ulipokwisha nikatolewa mashambani nikatiwa karakana ya malori na matrekta, kwa sababu msimamizi aligundua kuwa kila nikipita penye injini husimama. Sikuwa nikijua lolote, nilipenda tu kusikiliza. Fundi mkuu wa pale, mtu wa maneno machache, ndiye aliyenifundisha kwamba gari bovu halifichi ugonjwa wake. Husema kwa mlio, na kazi ya fundi ni kuliuliza maswali, lenyewe likajibu moja moja.

Maswali yenyewe si mengi. Unawasha injini gari likiwa limesimama, gia imetolewa, mguu haujagusa klachi, unasikiliza. Kisha unakanyaga klachi mpaka chini, unasikiliza tena. Kama palikuwa na mngurumo na sasa umenyamaza, ugonjwa umo ndani ya giaboksi, kwenye beringi ya mbele, maana klachi ikikanyagwa nguvu ya injini haifiki kule. Kama palikuwa kimya na mlio umekuja ulipokanyaga, basi ni ile beringi ndogo ya klachi yenyewe, nayo hupiga kelele nyembamba ya kuudhi, kama mtoto aliyenyimwa kitu. Gari likitetemeka pale tu linapoondoka, tazama pleti ya klachi, huenda imelowa mafuta. Na kama mlio unakuja katika gia moja na kupotea katika nyingine, basi meno ya gia ile ndiyo yaliyolika. Nilikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Ncha niliiweka juu ya chuma cha giaboksi, mpini nikaugandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nikafumba macho. Wasionijua walidhani naomba dua.

Mwenye karakana mmoja wa Kisarawe alisikia habari zangu akanichukua. Karakana ilikuwa banda la makuti kando ya barabara, na chumba changu kilikuwa nyuma yake. Mke sikuwa naye. Aliyekuwa wangu kule kwetu alichoka kungoja akaolewa na mtu aliyekuwa karibu, na simlaumu. Jua likielekea kutua nilisonga ugali wangu, nikala peke yangu, nikisikiliza malori yakipanda mlima. Niliyajua yote bila kuyaona. Nilijua dereva gani ana haraka na yupi ametoka kugombana nyumbani, kwa jinsi walivyoingiza gia. Hao ndio waliokuwa wenzangu, ila wao hawakuwa na habari.

Mchana banda lilijaa watu, na mtu angedhani mimi ndiye niliyebahatika kuliko wote. Waliificha kofia yangu. Walijipakulia chakula changu mwenyewe wakala mbele yangu. Waliniuliza kama bado nasikia uzito wa pembe za ndovu alizobeba babu yangu kichwani hadi Bagamoyo. Nami niliwajibu, maana utani usiojibiwa ni matusi: niliwaambia kwamba Mzaramo akisikia ngoma huacha hata jembe lipigwe na mvua. Tulicheka sana. Gari likishakufa waliniletea, na nikilifufua walishukuru kwa dhati. Lakini gari ambalo bado linatembea, nikisema litakufa, huo ulikuwa utani kama utani mwingine.

Alikuwepo dereva mmoja, mtu wa rika langu, mzaliwa wa Kibuta. Alipakia korosho na makopa ya muhogo kutoka Marui na vijiji vya karibu, akateremsha mzigo mjini. Kama nilikuwa na rafiki duniani alikuwa yeye. Hakuna siku aliyopita bila kusimama, akaingia bandani moja kwa moja mpaka kwenye birika langu la chai.

"Mtani weye, hujafa tu?" alikuwa akisema.

Nami nilikuwa nikimjibu kwamba namngoja yeye, nimzike kwanza. Ndiyo ilikuwa salamu yetu, mwaka hadi mwaka. Kwetu sisi na wao, mtani ndiye mwenye kazi msibani: huzuia jeneza, huvaa nguo ya marehemu na kumwigiza, huwachekesha waliofiwa. Kwa hiyo hakukuwa na kisirani katika jibu lile. Lilikuwa ahadi ya udugu.

Msimu mmoja wa korosho nilianza kusikia jambo nisilolipenda. Lori lake lilipokuwa likipanda kwa gia ya pili lilinguruma kwa chini, mngurumo mkavu ambao haukuwepo msimu uliopita. Aliposimama kesho yake nilimwambia asizime injini. Nikauliza maswali yangu. Mguu juu, mngurumo upo. Mguu chini, kimya. Beringi ya mbele ilikuwa imekwisha. Kisha nikamwambia twende kidogo kwenye mteremko, nikakaa ubavuni mwake na bisibisi sikioni. Alipoachia mafuta ili gari lijizuie lenyewe kwa gia ya pili, mti wa gia ukaruka, ukarudi katikati. Hakuna mkono uliougusa.

Yeye hakushtuka. Alivuta kutoka chini ya kiti utepe wa mpira aliokata kwenye tyubu kuukuu, akaufunga kwenye mti wa gia, ncha nyingine kwenye chuma cha kiti, akaniangalia kwa majivuno. Alikuwa akiendesha hivyo kwa wiki mbili.

Malori ya siku zile yalikuwa na breki za kubembeleza. Likishuka na mzigo, kilicholizuia ni gia. Gia ikichomoka mteremkoni gari linabaki huru, linakwenda litakavyo, na kwa giaboksi zile ukishapata kasi huwezi tena kuirudisha. Meno yatakwaruzana tu mpaka mwisho wa safari. Haya yote niliyajua, na nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega. Mngeona ajabu nilichomwambia.

Nilimwambia, "Mtani, teremka pale na magunia yako, koti lako hilo la kaki nitalivaa mimi kabla msimu haujaisha."

Akacheka hadi akafuta machozi. Nami nilicheka. Sikuwa na lugha nyingine ya kusema naye. Miaka yote ile hatukuwahi kuambiana neno lililonyooka, na siku nilipolihitaji nililitafuta mdomoni nikakuta utani peke yake.

Usiku ule na uliofuata sikupata raha. Ijumaa, baada ya sala, nikavaa koti langu la pekee, nikashika njia kwa miguu mpaka kwake Kibuta. Njiani nilijizoeza maneno. Nilikusudia kusema: usilitie lori mzigo tena, nipe siku nne, nitalifungua mwenyewe. Nilijua hofu yake. Msimu ule ukilaza lori siku nne, mwenye lori alikuwa na madereva wengine wanaongoja. Nilikuwa tayari kwenda naye kwa bosi wake na kusimama kama shahidi.

Nilipobisha hodi, ukoo mzima ulikuwa umekaa uani. Waliniona nimevaa koti, jasho linanitoka, uso umekunjamana, wakaangua kicheko kabla sijasema neno. Nikamwamkia mama yake, shikamoo, akaniitikia marahaba huku akinipokonya kofia na kuipitisha kwa wajukuu. Nikasema nimekuja kwa jambo zito. Mtu mmoja akauliza kama nimekuja kuposa. Nikamgeukia rafiki yangu.

"Leo sikuja kwa utani," nilimwambia. "Gia ile itakuua."

Akashika mbavu. "Mnaona?" akawaambia wenzake. "Hata utani kauvalia koti."

Wakanipa kisamvu na wali. Nilikula, kwa kuwa kukataa kungekuwa sehemu nyingine ya mchezo. Wakanisindikiza kwa furaha hadi njia panda. Nilirudi peke yangu, kofia wameirudisha imejaa maganda ya korosho, na nilitembea nimekasirika mpaka nikaongea kwa sauti na miti.

Hapa ndipo penye kosa langu, na sijawahi kulisimulia. Palikuwa na dereva mwingine, Mdigo kutoka Tanga, aliyekuwa akipita barabara ileile kila siku. Hakuwa mtani wa mtu yeyote pale. Ningemwambia yeye, "Nenda kamwambie mwenzako gia ya pili imekufa," rafiki yangu angelilaza lori siku ileile. Wazo hili lilinijia. Lilinijia Jumamosi, na Jumapili yule dereva wa Tanga alisimama kwangu kutia maji kwenye rejeta, akakaa nusu saa nzima, tukazungumza habari za mvua. Sikumwambia. Nilitaka neno lile litoke kwangu na lishikwe likiwa langu. Nilitaka mtu mmoja katika Kisarawe yote, angalau mara moja, aniamini mimi. Huo ulikuwa upweke, lakini ulikuwa na kiburi ndani yake, na sijui hata leo kilichozidi ni kipi.

Jumanne alasiri nilikuwa chini ya gari, nafunga boliti, niliposikia lori lake likipita kwenda mjini. Siku ile hakusimama, maana mzigo ulikuwa mkubwa. Nililisikia likianza kuteremka kwa gia ya pili, ule mngurumo mkavu ukilizuia. Nikaacha kufunga. Likafika pale penye kona ya kwanza, bado linanguruma. Kisha mngurumo ukakatika.

Injini ilibaki inavuma kwa wepesi, haina inachovuta wala kuzuia. Watu waliokuwa bandani waliendelea na mazungumzo yao, kwa sababu kwao gari lilikuwa limepungua kelele tu. Mimi nilishatoka chini ya lile gari na kuanza kukimbia kabla kishindo hakijasikika. Nikasikia meno ya gia yakikwaruzana mara moja, mara mbili, anajaribu kuirudisha. Halafu kishindo.

Wapakizi waliokaa juu ya magunia waliwahi kuruka. Yeye alikutwa kwenye usukani, lori limelala korongoni, korosho zimetapakaa mpaka barabarani. Nilimwita jina lake. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimejificha chumbani kwangu walipokuja kunichukua. Mjomba wa marehemu, mzee wa watu, alisimama mlangoni akaniuliza mtani gani mimi, jeneza linataka kutoka na sijaonekana. Alisema kijana wake hawezi kuondoka kimyakimya kama mtu asiye na watani. Nikafuatana naye.

Uani palikuwa pamejaa. Wanaume walikuwa wamekwisha kuliinua jeneza, wanawake wamekaa kwenye mikeka chini ya ukuta, na mama yake alikuwa katikati yao, hajala wala kusema tangu jana. Mtu akanivika koti la marehemu, lile la kaki, kama inavyofanywa. Wakanisukuma mbele nikasimama mlangoni, nikiwazuia wasipite. Wote wakanitazama, wakingoja.

"Huyu alikuwa mkaidi," nilisema. "Nilimwambia gia itamuua. Nilikuja mpaka hapa hapa nikamwambia, ninyi mkanifichia kofia."

Kicheko kikapita uani, kicheko cha watu waliolia usiku kucha.

"Jamani, leo sitanii," nilisema. "Ningemtuma mtu mwingine, angesikia. Sikumtuma. Nilitaka anisikie mimi."

Nilikuwa nalia. Hawakuona ajabu, kwa kuwa mtani hodari huigiza hata kilio. Wakazidi kucheka, na nikasikia sauti moja iliyokuwa juu ya nyingine, nikageuka. Alikuwa mama yake. Alikuwa amejifunika kanga mdomoni, mabega yanamtikisika.

"Mungu akuweke, mtani," alisema. "Umenipa pumzi."

Nilikuwa bado na mengi ya kuungama, nimeyapanga usiku kucha. Nikamwangalia yule mama, nikaona kwamba nikiendelea nitamnyang'anya hata kicheko hicho. Basi nikanyoosha mkono wa kulia nikashika usukani usiokuwepo. Wa kushoto nikautia kwenye mti wa gia, klachi nikaikanyaga mpaka chini, nikaachia. Nikanguruma kooni, mlio wa gia ya pili wenyewe hasa, wa chini na mkavu, nikitembea kinyumenyume mbele ya jeneza hadi barabarani. Watu wakanifuata wakicheka na kulia, na hapakuwa na hata mmoja aliyeujua mlio ule.