Chupa ya Mzee Niliyoiosha

Kwa miaka tisa nimeosha vyombo vya maabara katika chuo kimoja hapa Toronto. Kule Tanga nilikuwa mwalimu wa kemia. Hapa vyeti vyangu vimelala kabatini, nami nimechoka kujieleza. Napanda treni kituo cha Weston, nafika, nafunga aproni, nafungua bomba.

Mkuu wa maabara alikuwa mzee wa Kijapani aliyewahi kupewa tuzo kubwa kwa kuunda molekuli ambazo wenzake walishazikatia tamaa. Tuzo yenyewe ilikaa juu ya kabati la mafaili, ina vumbi. Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi: aliosha chupa zake mwenyewe. Mtu wa karibu miaka themanini, mikono inatetemeka, ameinama kwenye sinki, na mimi nimesimama pembeni kama mkwe mvivu. Nilimwambia mara nyingi, "Profesa, niachie mie." Alitabasamu tu, akaendelea kusugua.

Mwaka huu chuo kiliamua kuifunga maabara yake mwezi wa sita. Alikuwa na kazi moja tu iliyobaki, kitu kipya alichokitengeneza, lakini kiligoma kuganda. Kilibaki mafuta mazito. Bila fuwele, zile chembe ngumu zinazofanana na sukari, hakuweza kuthibitisha umbo lake. Mwezi wa tatu, baada ya kuhangaika sana, chembe chache zilijitokeza shingoni mwa chupa moja. Aliziacha hapo makusudi, ziwe mbegu ya kugandishia mafuta yaliyobaki. Mimi sikuambiwa. Asubuhi nilifika kabla yake, nikaona chupa chafu mezani kwake, nikafurahi: leo nimemuwahi. Niliiosha kwa asetoni, dawa inayoyeyusha kila kilichoganda, mpaka ikang'aa.

Alipofika aliinyanyua, akaichungulia shingoni. Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Somo hilo la mbegu za fuwele nimelifundisha ubaoni.

"Nani ameiosha?"

"Ni mimi, Profesa. Kwetu mzee haoshi vyombo mtu kama mimi akiwepo."

"Hata kwetu," alisema.

Hakufoka. Afadhali angefoka.

Tulianza upya. Alinipa kijiti cha kioo nikwaruze ndani ya chupa, maana mara nyingine mkwaruzo huamsha fuwele, na mikono yake ilikuwa haimsikii tena. Kila siku baada ya zamu, nikiwa hoi, miguu imevimba, nilikwaruza. Wiki kumi. Mafuta yalibaki mafuta.

Siku ya mwisho mafundi walikuja kuondoa meza. Mzee aliyamimina mafuta yake kwenye debe la taka, akakaza kifuniko.

Katika mji huu watu huombana radhi hata wakigusana mabega, na hiyo samahani yao nimeshaitoa mara elfu kwenye treni bila kuihisi. Sikutaka kumpa hiyo. Nilimwambia kwa Kiswahili, "Nisamehe, baba. Nimekuharibia kazi yako ya mwisho."

Hakuelewa hata neno moja. Aliinamisha kichwa, akaniuliza kama treni yangu nitaiwahi.