Kimya cha Kubadili Mtutu

Estella Nduwimana hakuwa mtu wa kuogopa kelele. Lori la bandarini lingepiga honi nyuma ya mgongo wake, fataki za mwaka mpya zingelipuka juu ya maghorofa ya mtaa wao wa Point, naye angeendelea kuchambua mchele wake kama vile hajasikia kitu. Kilichomtisha ni kitu kinachonyamaza ghafla. Friji ikizimika, au mashine ya kunyolea ya saluni ya ghorofa ya chini ikikatika katikati ya kichwa cha mteja, aliacha kila kitu na kuanza kutafuta pa kukimbilia.

"Mama, ni umeme tu," binti yake Sonia angemwambia.

"Najua," angejibu, huku ameshafika mlangoni bila kujua ameinuka saa ngapi.

Alikuwa Mrundi wa Makamba. Kiswahili chake alikipata kambini Kigoma, alikokulia na kumzaa Sonia. Mwaka 2008 alimshika mtoto mkono, wakapita Msumbiji kwa mabasi na malori hadi Durban. Kwanza alisuka nywele kando ya soko la Warwick, kisha akafagia ofisi za watu, na hatimaye mama mmoja wa kanisani akamwelekeza kwa mzungu wa kitongoji cha Bluff aliyekuwa anatafuta mtu wa usafi. Mama yule alisahau kumweleza kazi ya mzungu mwenyewe.

Alikuwa fundi bunduki. Siku ya kwanza Estella alisimama kwenye mlango wa karakana, akaona bunduki zimepangwa ukutani kama majembe dukani, akageuka kuondoka. Mista Hattingh, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwita kutoka kwenye mashine yake ya kukerezea vyuma.

"Ni za wawindaji," alisema. "Za kuulia swala. Ingia unywe chai kwanza, halafu uamue."

Alikunywa chai, akabaki. Zile bunduki zilikuwa na vitako vya mbao nzuri iliyong'arishwa, hazikufanana kabisa na zile alizowahi kuziona. Alijiambia kwamba ni vitu vingine, na kwa muda aliamini hivyo. Upepo wa bahari pale Bluff una chumvi, na chumvi haikawii kuleta kutu. Basi Estella akapewa kazi ya kupangusa na kupaka mafuta, baadaye kulegeza na kukaza, mzee akiwa pembeni yake siku zote. Mikono yake ilikuwa myepesi kwa sababu ya kusuka. Alizoea harufu ya mafuta mpaka Sonia akawa anasema nguo za mama zinanukia kama cherehani.

Mwaka 2012 ndipo karakana ilipoanza kuleta bunduki za aina mpya, zile za vipande. Bunduki ni moja lakini mitutu yake ni kadhaa: leo unafunga mtutu mwembamba kwa ajili ya swala, kesho unautoa na kufunga mnene kwa ajili ya pofu au nyati. Unageuza kishikizo kimoja, unachomoa huu, unaingiza ule, basi. Mista Hattingh alizipenda kama mtoto aliyepata baiskeli. Wateja wake wa zamani hawakukubaliana naye, na walikuja kubishana Jumamosi asubuhi, kila mtu na kikombe chake.

"Unaiweka yote kwenye sanduku dogo, unapanda nayo ndege," mzee alikuwa akisema. "Kitako kimoja, kifyatulio kimoja, bega na kidole vimeshakizoea. Mtutu ukichakaa unatupa mtutu, hutupi bunduki."

"Na shabaha?" aliuliza mteja mmoja, mkulima wa miwa. "Nikiutoa mtutu leo na kuurudisha kesho, risasi itakwenda palepale?"

"Karibu na palepale."

"Karibu! Mnyama aliyejeruhiwa hajui karibu. Na chembe ya mchanga ikiingia kwenye kiungio? Na mtu mwenye haraka akifunga mtutu huu akatia risasi za ule?"

"Basi asiwe na haraka," alisema Mista Hattingh, na wote wakacheka. Mkulima akaongeza kwamba vibali vyenyewe pia ni usumbufu, maana polisi wanataka kila mtutu uwe na karatasi yake.

Estella alikuwa akipangusa meza. Mazungumzo yale yalimpita tu, hadi mzee alipoweka kikombe chini.

"Isitoshe, si jambo jipya. Jeshini tulikuwa nalo ujanani. Rashasha ikipiga sana, mtutu unakuwa mwekundu, lazima uutoe uweke wa baridi. Na wakati unabadili, bunduki ni bubu. Adui analijua hilo, anainuka na kukimbia. Kwa hiyo wahandisi, kazi yao yote ilikuwa kufupisha kile kimya."

Alilisema kwa tabasamu, kama mtu anayesimulia habari za mpira. Kitambaa kilimponyoka Estella. Alitoka nje, akatazama meli bandarini bila kuziona.

Kile kimya alikuwa akikijua. Alikuwa msichana, na ilikuwa mchana kweupe. Watu wa kilima chao walikuwa wamelala kifudifudi katikati ya matuta ya mihogo, na rashasha ilikuwa ikiwapiga kutoka ng'ambo ya mto. Ilipiga mpaka masikio yakaacha kuisikia. Halafu ikanyamaza. Estella alisikia maji ya mto. Alisikia kuku. Alisikia mtu akikohoa kwa taratibu, kama aliye kanisani. Mama yake akamsukuma mgongoni: "Genda!" Nenda. Akainuka, akakimbilia kwenye mikaratusi, na nyuma yake alijua kwamba mdogo wake Protas ameinuka pia, amemshika mkono bibi yao, na bibi hakuwa mtu wa kukimbia. Alipougusa mkaratusi wa kwanza, bunduki ikaanza tena. Mama alifika. Protas na bibi hawakufika. Hakuna aliyerudi kuwatafuta, na hakuna aliyewahi kusema aliwaona.

Kambini mama yake alikuwa na maneno yake, aliyasema kila ilipotajwa siku ile: Mungu alikiziba kinywa cha bunduki ili wewe upite. Alikufa akiyaamini. Estella naye aliyabeba hadi Durban, ingawa yalikuwa na mwiba ndani: mbona hakukiziba kidogo zaidi, Protas naye apite?

Sasa alikuwa ameambiwa kwamba ni chuma tu kilichopata moto.

Wiki zilizofuata hakulala vizuri. Akiwa jikoni alimwona Protas amesimama kando ya mlango, si kama mzimu wa hadithi, bali kama mtu anayesubiri kuambiwa aingie. Hakuwa amekua. Kila mtutu ulioingia mahali pake kwa mlio ule mdogo, klak, Estella alijiuliza ni mkono wa nani uliofanya hivyo ng'ambo ya mto, na kama mkono huo ungekuwa mzito kidogo, nani mwingine angefika kwenye miti.

Katika jengo lao aliishi Mkongomani mmoja, Honoré, mtengeneza simu. Watu walijua kwamba zamani alikuwa askari wa Zaïre, na walijua pia kwamba haulizwi. Jumamosi moja alasiri Estella alimkuta amekaa kwenye ukuta mfupi wa mbele, anakula karanga.

"Papa Honoré, samahani. Uliwahi kuishika rashasha?"

Aliacha kutafuna. "Mama Sonia, nani amekutuma?"

"Hakuna. Nataka kujua habari ya kubadili mtutu."

Honoré akasogea ampishe akae.

"Iko hivi. Mtutu ukishawaka, risasi zinakwenda popote. Lazima utoe. Kulikuwa na glavu nene ya kushikia. Ikapotea, tukatumia gunia lenye maji."

"Ilichukua muda gani?"

"Mikono ikitulia, ni kuvuta pumzi tu. Yangu ilikuwa inatetemeka."

"Mliogopa kupigwa?"

"Hiyo pia. Lakini, eish, Mama Sonia..." Alifuta mikono kwenye suruali. "Ukiwa unapiga, husikii watu. Ukinyamaza ndiyo unaanza kuwasikia. Kikohozi. Mtoto. Unataka kufunga ule mtutu haraka usisikie tena."

Estella alimweleza maneno ya mama yake, kwamba ni Mungu aliyekiziba kinywa cha bunduki, na maneno ya Mista Hattingh. Alitaka mtu amwambie ni lipi la kweli.

"Mimi sijui," alisema Honoré. "Ila kuna siku nilimaliza kufunga mtutu, kila kitu tayari, na sikupiga palepale. Nilikaa tu. Commandant alikuwa ananitukana. Sijui nani alinishika mkono."

Akammiminia Estella karanga zilizobaki.

Mista Hattingh hakuwa na habari ya haya yote. Aliona tu kwamba mikono ya Estella ilibadili mtutu haraka kuliko ya mtu yeyote pale karakanani, na alipoalika wateja kwenye uwanja wa shabaha, shamba moja huko bara kupita mji mdogo wa Camperdown, alimwomba aende naye. Mpigaji angepiga kwa mtutu mwembamba, Estella angeubadili mbele ya watu, kisha mpigaji angepiga kwa ule mnene, ili waone kwamba shabaha haipotei. Estella angeweza kukataa. Hakukataa, kwa sababu mzee alikuwa mwema kwake na kwa sababu hakujua angeyasema kwa lugha gani.

Asubuhi ile ilikuwa ya jua kali. Wateja walikaa kwenye viti vya kukunja, masikio yamezibwa. Mpigaji alipiga, akapiga tena, akapiga tena, akaiweka bunduki wazi na tupu mezani. Watu wakavua vya masikioni wapate kusikiliza maelezo. Estella aligeuza kishikizo, akachomoa mtutu wenye joto, akauchukua ule wa baridi.

Na kimya kikaja. Nyasi zilikuwa zikicheza na upepo. Mahali fulani chini ya bonde kulikuwa na maji. Mtu mmoja kwenye viti akakohoa, kwa taratibu.

Mikono yake ikasimama. Alikuwa ameukumbatia mtutu kifuani kama mtu aliyembeba mtoto, na macho yake yalikuwa ng'ambo, kwenye mteremko uliokuwa nyuma ya vibao vya shabaha. Watu wakaanza kutazamana. Mwingine akacheka kidogo, akidhani kitu kimekwama. Mista Hattingh akasogea.

"Estella? Kuna tatizo?"

"Waache wapite," alisema kwa Kiswahili.

"Unasema nini?"

"Waache wapite kwanza."

Mzee hakuelewa hata neno moja, lakini alimwona uso. Hakumnyang'anya ule mtutu. Alisimama kando yake, akawainulia wateja mkono watulie, na wote wakangoja, wazungu wazima wenye kofia, wakisikiliza upepo bila kujua wanamngojea nani. Machozi yalimtoka Estella bila sauti. Mwishowe aliulaza mtutu mezani, akarudi kukaa ndani ya gari. Mista Hattingh akaufunga mwenyewe.

Walipokuwa wakirudi mjini alimuuliza, na Estella akamweleza kwa Kiingereza chake cha kuokotezaokoteza, mihogo, mto, bibi, Protas. Walikuwa wamefika kwenye robot, taa za barabarani. Taa ikawa kijani na mzee hakuondoka. Magari yakapiga honi nyuma yao.

"Nililisema lile jambo huku nacheka," alisema.

"Hukujua."

"Sikujua." Akaingiza gia. "Usiiguse tena bunduki yoyote. Nitakutafutia kazi nyingine mjini, kwa watu ninaowafahamu."

Estella alifikiri mpaka wakaanza kuona bahari. "Nipe ile ya kupima," alisema. Kila mtutu mpya ulipaswa kupimwa baada ya kufungwa, kuona kama umekaa sawasawa na kwamba risasi haitamlipukia mpigaji usoni. Ilikuwa kazi ya polepole, isiyopendwa na mtu, na hakuna aliyesimama na saa pembeni. Aliifanya kwa mwaka mzima na zaidi, kisha akaondoka kwa amani, akafungua meza ya kuuza vitenge Warwick.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo alilolikimbia tangu Kigoma. Aliingia ofisi ya kanisa kuu lililo karibu na soko, akasema anataka kuomba misa. Sista aliyekuwa mezani aliuliza: ya shukrani au ya marehemu? Swali lilikuwa dogo, na Estella alikaa nalo mpaka sista akainua kichwa.

"Ya marehemu," alisema. Akataja jina la Protas, na la bibi.

Jumapili ya misa Honoré, aliyekuwa ameambiwa na Estella, alikuja, shati limepigwa pasi, ingawa hakuwa Mkatoliki. Alikaa nyuma ya Estella na Sonia. Padri alisoma nia za misa kwa lafudhi yake ya Kizulu, akalipindapinda jina la Protas kidogo, akalisoma la bibi, halafu akaongeza: "Na wengine."

Estella aligeuka. Yeye hakuwa amewaandikisha wengine.

"Ni mimi," Honoré alinong'ona, macho yake sakafuni. "Nilipita kwa sista juzi. Sina majina yao."

Nje, kwenye jua, Sonia aliuliza wengine ni akina nani. Honoré akaanza kuaga. Estella akamshika binti yake mkono wamwahi muuza nyanya kabla hajafunga.

"Ni majirani zetu wa zamani," alisema. "Twende. Papa Honoré, leo unakula kwetu."