Unene Niliozaliwa Nao

Nilizaliwa mnene, na mpaka leo hilo ndilo jambo kubwa nililowahi kufanya bila ya kusaidiwa na mtu. Mkunga aliyenipokea alikuwa akisimulia katika kila harusi ya Lamu kwamba aliponinyanyua alidhani amepewa mtungi. Wanawake walikuja kunitazama hata kabla ya arobaini ya mama kwisha, wakasema mashallah haraka haraka nisije nikapatwa na jicho, kisha wakaenda kwao kuwatazama watoto wao kwa uchungu. Mimi sikumbuki, bila shaka, lakini hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi mpaka naona nilikuwa miongoni mwa wageni.

Sifa zote alipewa mama. Mama alikuwa mnene, na katika Lamu ya utoto wangu mwanamke mnene hakuambiwa apungue, aliambiwa akae mbele. Nyumba zetu za mawe zina ngazi nyembamba, na mama alizishuka kwa upande, mkono ukutani, huku akimwomba Mwenyezi Mungu amsamehe fundi aliyezijenga. Kila mtu alitaraji kwamba mimi nitamfuata. Kwa bahati mbaya nilipoachishwa ziwa nilikonda, na kufikia umri wa kuposwa nilikuwa mifupa na macho tu. Shangazi yangu alisema labda unene wangu wote niliutumia siku ya kwanza.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini mama akaanza kunywa maji. Mtungi wa nyumba nzima aliumaliza peke yake, na bado akaulizia wa jirani. Baba alidhani ni joto. Shangazi alidhani ni pepo anayetaka halwa, na mama akaiunga mkono rai hiyo kwa kuwa halwa aliipenda. Pepo akalishwa sinia zima, kiu ikazidi. Hapo ndipo baba alipomtuma kwa daktari wa serikali, na daktari akataka mkojo wake wa asubuhi. Ikawa sasa kazi ni nani wa kuubeba. Baba alikuwa mtu wa msikiti na hakuwa tayari kupita mbele ya wenzake waliokaa barazani, naye ana udhu wake, akiwa na najisi mkononi. Mama aliutia katika chupa ya sharbati iliyokwisha, akaipitisha mwenyewe mjini, na njiani mwanamke mmoja alimwuliza kama sharbati hiyo ni ya kuuza.

Daktari aliuchanganya na dawa ya buluu, akauchemsha, na ile buluu ikageuka rangi ya tofali. Akamwambia ana ugonjwa wa sukari. Kisha akamwuliza watoto wake walizaliwa wakubwa kiasi gani, na mama, akidhani sasa anasifiwa, akanitaja mimi kwanza. Daktari hakusema mashallah. Alimweleza kwamba sukari ya mama humfikia mtoto tumboni ikamnenepesha kupita kiasi, na kwamba mtoto wa namna hiyo anaweza kuibeba sukari hiyo katika damu yake na kuja kuugua ukubwani, na akiwa wa kike basi hata wakati wa mimba. Mama alirudi nyumbani hasemi na mtu. Siku zile nilikuwa nikimkuta ananitazama kwa huruma, nami nilidhani anausikitikia wembamba wangu.

Neno hilo tulikatazwa kulitoa nje. Nilikuwa na wadogo zangu wa kike, na ukoo ukishatajwa kuwa una maradhi, maposa hupita mlangoni yakaenda kwa jirani. Kwa hiyo, kwa watu, mama aliacha halwa kwa sababu ya jino.

Nikaolewa na mwalimu wa chuo cha Kurani, kijana wa Mbwajumali katika kisiwa cha Pate, na kwa desturi yetu yeye ndiye aliyehamia kwetu, tukapewa ghorofa ya juu. Nikashika mimba. Mama hakungoja pongezi ziishe, alinikokota kwa daktari mimi na chupa yangu. Buluu yangu ikageuka kijani. Daktari alisema sukari ipo ingawa bado si nyingi, nipunguze wali, samli na vitamu, na nirudi kwake mara kwa mara. Mimi niliona hii ni dhuluma tupu. Maisha yangu yote watu walinibembeleza nile nami sikutaka, na sasa ninataka kula hata mkeka, naambiwa nile samaki wa kuchoma na mchicha.

Basi akaja mavyaa. Mama wa mume wangu alipanda mashua kwenye bandari yao ya Mtangawanda na debe la samli, chupa za asali na mkungu wa ndizi, akaingia nyumbani, akanizunguka, kisha akamwuliza mwanawe kama mimba iko kwangu au kwa mtu mwingine. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alinipikia bokoboko: ngano na nyama iliyopondwa mpaka ikawa laini, juu yake samli, na juu ya samli sukari. Alikuwa mpishi hodari. Harufu ilipanda ngazi kabla yake, nami nilikuwa nikiisubiri nimekaa kitako.

Mama hakuweza kumwambia ukweli, kwa hiyo akasema uongo, na katika uongo hakuwa na kipaji. Kwanza alisema nimefunga, na mavyaa akamkumbusha kwamba alinikuta nikitafuna embe. Baadaye akasema nimeota ndoto inayonikataza ngano. Siku nyingine akasema nyama inanitia kichefuchefu, nami kwa njaa yangu nikauliza nyama ipi hiyo. Mama alinikanyaga mguu, na kukanyagwa na mama halikuwa jambo dogo.

Mwishowe wakapatana bakuli liletwe chumbani, nile kwa utulivu, mama akinisimamia. Mlango ukifungwa, mama alifungua dirisha la nyuma, akalimimina bokoboko uchochoroni kwa paka. Kila kijiko alisema astaghfirullah kwa sababu ya israfu ya kutupa chakula, nami niliitikia astaghfirullah kwa sababu zangu.

Paka wa Lamu wanajulikana kwa wembamba wao. Wa mtaa wetu wakaanza kunona. Walilala katikati ya njia, wasimpishe hata punda mwenye mzigo, na mama akitoka walimwandama kwa maringo mpaka kwenye nyumba za watu. Aliyewaona alisema huu ni mwaka wa neema. Mavyaa naye aliwaona. Kisha asubuhi moja akazunguka kwa uchochoro wa nyuma, na bokoboko lake mwenyewe likamwangukia begani.

Alipanda ngazi na paka wawili nyuma yake. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisimama mlangoni, bega linameremeta samli, akasema sasa amejua kwamba mama anamkondesha mjukuu wake makusudi, labda kwa kuwa watu wa Pate hawampendezi. Akasema kesho atanichukua kwao Mbwajumali, nilishwe kama watu wanavyolishwa, na sitarudi mpaka nimejifungua. Mume wangu alikuwa nyuma yake, kichwa chini, na nilimjua: mama yake akisema kesho, yeye hufunga mzigo leo. Kule hakukuwa na daktari wala dawa ya buluu. Kwa mara ya kwanza tangu nishike mimba, njaa ilinitoka nikaogopa.

"Weye wana wako, nti nzima ilikuya kuwatizama kwa unene," mavyaa akamwambia mama. "Wangu mbona wamnyima?"

Mama alikaa kitandani, kitanda kikalia. Alitazama mlangoni, ambako wadogo zangu walikuwa wamesimama pamoja na shangazi, wote wakisikia. Nilidhani atatunga ndoto nyingine.

"Kivyere," akasema, kama waitanavyo wazazi walioozeana watoto, "baada ya huyu nalipata wana wawili. Wakubwa kumshinda, mashavu yameyaa. Hawakulia, hata mmoya. Na watu wakiya kunipa pole, walikuwa wakinisifia unene wao."

Nilijua kwamba mama alizika watoto, lakini habari ya pole zile sikuijua, na nilishikwa na hasira juu ya wanawake wote wa mji ule, pamoja na waliokwisha kufa.

"Ni maradhi ya sukari," mama akaendelea. "Ni yangu, na huyu nimemrithisha. Ukitaka katangaze, wana wangu wasiolewe. Lakini huyu alo tumboni, miye namtaka alie."

Mavyaa aliketi chini, akalivuta bakuli lililobaki nusu, akaanza kula bokoboko lile mwenyewe, polepole, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, kwa kuwa hakujua aifanyie nini mikono yake na kwa kuwa kutupa ni haramu. Alipolimaliza akamwuliza mama samaki wa kuchoma hutiwa nini. Habari ile hakuitoa nje ya chumba mpaka alipofariki, na wadogo zangu wote waliolewa, mmoja wao huko huko Mbwajumali.

Nilizaa binti, naye akatoka mdogo, mikono myembamba, hana shavu la kushikwa. Mkunga alimfuta kimya kimya kama mtu aliyeharibu kazi. Lakini mtoto alifungua kinywa akapiga ukelele uliowafikia wanaume barazani, na akaendelea hivyo hivyo. Wanawake walipokuja kutazama waligeuza nyuso, wakaniambia pole. Mavyaa, aliyekaa mlangoni na ufagio, aliwauliza ni pole ya nini, au hawamsikii.

Wageni walipoondoka, mama alimchukua. Akamweka juu ya kifua chake kipana, akamtikisa taratibu na kumwimbia mpaka sauti ikapungua, ikakatika, na mtoto akatulia kabisa. Chumba kizima kikawa kimya. Mama akamwinamia, akautazama uso ule mdogo kwa muda mrefu. Kisha akatia mkono chini ya kitambaa na kumfinya paja kidogo, ili alie tena.